Ngozi ya Kisima

Mama alifariki mwezi wa Rajabu, na kabla arubaini yake haijafika kaka yangu alikuwa ameshatuma pesa za kisima kutoka Muscat. Hakumuuliza mtu. Aliweka ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, sauti nzito kama ya mtu aliyetoka kulia, akasema anataka kisima cha wakfu kijijini kwa mama, Muyuni, na kila tone litakalotoka liingie katika mizani yake. Mashangazi wakaitikia amin. Mimi nami nikaitikia, ingawa katika kundi lile lote ni mimi pekee niliyesomea miamba. Msiba si wakati wa kumuuliza mtu jiolojia.

Wazo lenyewe lilikuwa la mama. Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ulizimika Unguja nzima, na haukurudi mpaka Machi 2010. Umeme wetu hutoka Bara kwa waya unaolala chini ya bahari na kuibukia Fumba, na waya wa wakati ule ulikuwa umeshafika umri wa kuchoka. Watu wa hoteli wanazikumbuka jenereta, mngurumo wake na bei ya dizeli. Sisi tunakumbuka maji. Maji ya Unguja hutoka ardhini, kuyapandisha kunataka pampu, na pampu inataka umeme. Nyumba yetu ya Malindi, kama nyumba nyingi za Mji Mkongwe, ina kisima cha kale uani. Chetu kilikuwa kimefunikwa kwa bamba la zege tangu zamani za babu. Mama alilifunua, akatafuta kamba na ndoo, na kwa miezi mitatu nusu ya mtaa ukawa unapita ukumbini kwetu na madumu. Maji yalikuwa na munyu, ya kufulia na kuogea tu. Hata hivyo, alikuwa akisema baada ya hapo: atakayetaka kunikumbuka anikumbuke kwa maji.

Kwa hiyo kisima kilichimbwa. Mita 24, bomba la inchi sita, pampu ya kuzamisha, mnara wa chuma na tangi juu yake, na mabomba manne ya kuchotea. Jina la mama liliandikwa kwa rangi ya kijani. Siku ya kuwasha, pampu ilisukuma maji kwa dakika saba, ikakohoa, ikakata. Tukangoja nusu saa, tukawasha tena. Dakika saba nyingine.

Fundi mkuu wa kampuni iliyochimba, mtu mwenye adabu na mwenye haraka, alinieleza kwa upole kama anayempa mtu habari ya hospitali. "Jiwe la hapa bakhili, bibie. Maji yapo, lakini halitoi. Tushuke mpaka mita 45." Kaka, alipopigiwa simu, alijibu kwa neno moja: "Kiasi gani?"

Nikaomba wiki mbili.

Miezi kadhaa kabla ya hapo nilikuwa Naivasha, Kenya, kwenye kozi fupi ya jotoardhi pamoja na vijana wa nchi nyingi za Afrika. Usiniulize Mzanzibari anafuata nini kwenye jotoardhi. Kisiwa chetu ni matumbawe yaliyokufa na mchanga, hakina volkano. Nilipata nafasi, nikaenda. Huko Olkaria, mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 1981. Visima vyake huenda chini kiasi cha mita 3,000 na joto hupita nyuzi 300. Ukisimama pembeni ya kisima kinachopuliza mvuke huwezi kusikia unachokiwaza. Lakini kilichonikaa kichwani ni neno tulilofundishwa darasani siku ya tatu, baada ya chai: ngozi.

Neno hilo ni la wahandisi wa mafuta. Mwaka 1953 mhandisi aitwaye van Everdingen aliandika kuhusu jambo lililokuwa likiwasumbua: kisima kinachimbwa kwenye mwamba mzuri, vipimo vyote vinasema mwamba ni mzuri, lakini kisima hakitoi kinavyopaswa. Kana kwamba ukuta wa shimo umevikwa utando mwembamba unaozuia. Utando huo ukaitwa ngozi. Ukapewa hesabu yake, namba moja tu: ikiwa chanya, kisima kimeumizwa, ikiwa hasi, kisima kimefunguliwa kuliko hata mwamba ulivyoumbwa. Darasani Watanzania tulikuwa watatu, na tulicheka, maana Mbeya kuna mlima wenye ziwa kwenye kreta yake uitwao Ngozi, na hapo ndipo nchi yetu inapotafuta jotoardhi. Mwalimu hakuelewa kicheko kile, nasi hatukuweza kumfafanulia kikabaki kuchekesha.

Ili neno hilo liingie akilini, lazima kwanza utenganishe vitu viwili ambavyo sote huvichanganya. Chukua dodoki la kuogea na boya la mvuvi lile jeupe jepesi. Vyote viwili vimejaa hewa. Mimina maji juu ya dodoki, yatapita mpaka upande wa pili. Mimina juu ya boya, yatateleza. Matundu ya boya hayazungumzi. Kila kimoja kimejifungia chumbani kwake. Kuwa na matundu ni sifa moja, na matundu kupeana njia ni sifa nyingine. Hiyo ya pili ndiyo inayoitwa upenyezaji, na ndiyo inayoamua kama kisima kitakuwa kisima au shimo. Mfaransa Henry Darcy aliipima kwa mara ya kwanza kwa utulivu kwa kupitisha maji kwenye nguzo za mchanga. Alikuwa akishughulikia maji ya mji wake, Dijon, na kitabu chake kilitoka mwaka 1856. Kipimo cha upenyezaji bado kinaitwa kwa jina lake.

Upenyezaji huharibiwaje? Njia ni nyingi, na karibu zote ni za mkono wa binadamu. Unapochimba, kekee husaga mwamba kuwa unga, na unga huo lazima utolewe. Basi mchimbaji huzungusha maji chini na juu ili yaubebe, na mara nyingi huyatia udongo wa bentonaiti yawe mazito kama uji. Uji ule hutandaza ukoko kwenye ukuta wa shimo, na ukoko husaidia shimo lisiporomoke. Tabu ni kwamba maji yake hupenya mwambani, chembe zake hufuata, na zikifika kwenye nyufa hukaa. Udongo wa asili ulioko mwambani nao huvimba ukikutana na maji usiyoyazoea. Ndiyo maana wachimbaji wa jotoardhi, wakikaribia tabaka la mvuke, huacha matope na kuchimba kwa maji matupu, au maji yaliyochanganywa na hewa na povu. Mvuke wa Olkaria husafiri kwenye nyufa za mwamba wa volkano. Ziba nyufa chache na umezika pesa za serikali mita elfu mbili chini.

Baada ya hapo maji yenyewe huanza kuziba. Hili huna haja ya kulifuata Naivasha, liko jikoni. Fungua birika la nyumba yoyote ya Unguja uangalie ndani: ukoko mweupe. Maji yetu yamepita kwenye mawe ya chokaa na yamebeba chokaa iliyoyeyuka. Yakichemka, gesi iliyokuwa ikiishikilia chokaa hiyo huruka, na chokaa inabaki haina wa kuishika, inaganda kuwa jiwe. Kisima cha jotoardhi ni birika lenye urefu wa kilomita mbili. Pale maji yanapoanza kuchemka yakipanda, ndipo ukoko unapojenga, na bomba pana hugeuka koo jembamba. Mama alikuwa akikata ndimu, anazichemsha birikani, anamwaga, anasugua, birika linang'aa. Wahandisi hufanya hilohilo. Huita kutibu kwa asidi, na wanalipwa vizuri zaidi.

Silika ni mbaya zaidi, kwa kuwa ndimu haiiwezi. Maji ya moto huyeyusha silika ya mwamba kama sukari. Yakishatoa mvuke na kupoa, yanajikuta na silika kupita uwezo wake, na huitema kwenye mabomba, na hata ndani ya mwamba pale yanaporudishwa ardhini. Wengi wenu mmeiona picha ya matokeo yake bila kujua. Lile bwawa la buluu la Iceland, Blue Lagoon, lilitokana na maji ya mtambo wa jotoardhi wa Svartsengi. Yalimwagwa juu ya mwamba wa lava kwa kutarajia yangezama. Hayakuzama. Silika iliziba matundu ya lava, maji yakatuama, watu wakaanza kuyaoga. Leo unalipia kiingilio kuogelea katika upenyezaji ulioharibika.

Jambo la mwisho la darasani, nalo ndilo nililokwenda nalo Muyuni. Maji yanapoelekea kisimani kutoka pande zote, yanabanana kadiri yanavyokaribia, kama watu wanaotoka uwanja wa Amani kwa mlango mmoja. Chukua kisima chenye nusu kipenyo cha sentimita 10, kinachovuta maji kutoka umbali wa mita 100. Katika mwamba ulio sawa kila mahali, theluthi nzima ya nguvu inayotumika kuyaleta maji hutumika kwenye mita moja ya mwisho. Theluthi! Mita tisini za mwanzo zinakula kiasi hichohicho. Kwa hiyo ukitaka kukinyonga kisima huna haja ya kuuharibu mwamba wa kijiji kizima. Kiasi cha urefu wa mkono kinatosha.

Muyuni iko kusini, kwenye uwanda, ambako ukipiga jembe linarudisha cheche. Watu wa mjini hudhani ni nchi kavu kwa sababu hakuna mto wala kijito, lakini mvua ya uwanda haina muda wa kuwa mto. Inaanguka, inazama. Jiwe lile ni matumbawe ya kale, limetobolewa na maji kwa maelfu ya miaka, na chini lina mapango. Kuna mapango kisiwani humu ambayo watu walikuwa wakishuka kuchota maji, kama la Mangapwani, kaskazini, lenye maji baridi chini yake. Kuambiwa jiwe la uwanda ni bakhili lilikuwa jambo la kunitoa usingizini.

Hatua kama mia mbili kutoka kisima cha mama kipo kisima cha msikiti, kilichochimbwa kwa mkono na watu ambao hakuna anayekumbuka majina yao. Nilikaa hapo alfajiri moja na uzi wenye fundo kila sentimita kumi. Wanawake walichota tangu baada ya sala mpaka jua lilipopanda mnazi. Nilihesabu ndoo mpaka nikachoka. Maji hayakushuka. Yalipanda kidogo, kwa kweli, kwa sababu bahari ilikuwa inajaa. Bi mkubwa mmoja aliyekuwa akinitazama akaniambia: "Hicho kinapumua na bahari, mwanangu. Hujui?" Nilikuwa najua kwa vitabu. Mchana nikateremsha uzi kwenye kisima chetu kipya, pampu ikiwa imezimwa, nikakaa mpaka maji ya bahari yakatoka. Nacho kilikuwa kinapumua, pumzi ileile. Basi nje ya bomba letu kulikuwa na jiwe lilelile lililo wazi. Si ushahidi wa kupeleka mahakamani, lakini ulinielekeza swali la kuuliza.

Nilimwendea kijana aliyekuwa msaidizi kwenye mtambo, si fundi mkuu. Vijana wa mtambo ndio wanaoandika daftari. Lake lilikuwa la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na mwandiko safi. Mita 17: maji yamepotea, mifuko minne. Mita 18: yamerudi. Mita 20: yamepotea yote, mifuko sita na pumba. Mita 21: yamerudi.

Nikamuuliza mifuko ya nini. "Ya udongo ule wa kijivu," akasema. Na pumba? "Pumba za mpunga, dada. Jiwe lilikuwa linakunywa maji yetu yote. Tungemaliza boza la tatu. Ikabidi tulizibe."

Nilisoma ukurasa ule mara kadhaa nikiwa nimesimama juani. Olkaria, kekee ikipiga ufa na maji ya kuchimbia yakapotea ghafla, watu hutabasamu. Ndiyo habari waliyokuwa wakiisubiri: mwamba umefunguka, hapa ndipo mvuke utakapoingilia. Muyuni habari ileile ilikuja mara mbili, mita 17 na mita 20, na mara zote mbili ikajibiwa kwa mifuko. Jiwe lililokunywa lilinyamazishwa, kisha likaitwa bakhili. Sikumlaumu kijana, na sikutaka ugomvi na fundi. Amezoea kuchimba kwenye udongo unaoporomoka, na huko matope ni rafiki. Lakini ukishamaliza unapaswa kuyaosha. Daftari lilionyesha kwamba kisima kilioshwa kwa saa moja, jioni, siku ya mwisho, kabla mtambo haujapakiwa.

Kwa nini basi nisiwaache tu washuke, kaka apate raha yake? Kwa sababu ya kilichoko chini. Maji matamu ya kisiwa hayakalii jiwe kavu. Yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyojaa mwambani, kama mafuta juu ya mchuzi. Mholanzi mmoja na Mjerumani mmoja, kila mtu kwa wakati wake, zaidi ya miaka mia iliyopita, walipata kanuni yake: kwa kila mita moja ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Kwetu maji yalikuwa juu ya bahari kwa sentimita 60 hivi. Hiyo ni mita 24 chini ya bahari, kwa hesabu ya karatasi. Kwa kweli ni chini ya hapo, maana mpaka baina ya matamu na ya chumvi si mstari, ni mchanganyiko. Ardhi yenyewe iko mita 16 juu ya bahari. Shimo la mita 45 lingefika mita 29 chini ya usawa wa bahari. Tungepata maji mengi sana. Yangekuwa ya kupikia wali bila kutia chumvi.

Nilimpigia kaka usiku, saa ambayo wanawe wamelala. Nilimweleza yote, birika, dodoki, mlango wa Amani. Akasikiliza. Kisha akasema, "Mdogo wangu, mimi sikuwepo alipokata roho. Wewe ulikuwepo. Mimi nina kisima tu."

Sikuwa na fomula ya hilo. Kimya kilikuwa kirefu mpaka nikadhani simu imekatika. Nikamwambia nataka siku tatu na kompresa, na kwamba tukishindwa nitamwachia aamue. Nilikuwa nikisema hivyo huku najua kuwa akiamua kushuka, basi kisima cha mama kitatoa maji ya bahari yenye jina lake kwa rangi ya kijani, na hakuna mtu kijijini atakayesema neno, kwa heshima. Watapita tu na ndoo zao kwenda msikitini.

Kuna watu walishauri asidi. Asidi hula jiwe la chokaa, haili udongo wa bentonaiti, na kisima cha kunywa si mahali pa kufanyia majaribio. Tulitumia njia ya zamani. Seremala wa Muyuni alitukatia duara la mbao, tukalizungushia mpira wa tairi mpaka likabana ndani ya bomba, tukalifunga kwenye fimbo ndefu za chuma. Ukilishusha linasukuma maji yatoke nje kwenye mwamba, ukilipandisha linayavuta yaingie. Ni mchi na kinu, ila kinu kina kina cha mita 24. Vijana wanne walitwanga kwa zamu, na kwa kuwa kutwanga kimyakimya hakuwezekani Unguja, wakapata wimbo. Kila baada ya nusu saa tulichomoa mchi, tukateremsha mpira wa kompresa, tukapuliza.

Siku ya kwanza yalitoka maji meupe kama tui, huo ni unga wa jiwe. Siku ya pili asubuhi yakawa ya kijivu, mazito, yanateleza vidoleni, na watoto wakapigwa marufuku kuyachezea. Hapo nikaanza kupumua. Mchana, baada ya kupuliza kwa nguvu na kukatisha ghafla mara kama ishirini, mabonge yakaanza kuruka. Mzee wa msikiti aliokota kimoja, akakivunja kwa kucha, akaninyooshea kiganja. Pumba za mpunga, nzima kabisa, kama zimetoka kinuni leo. "Hizi ni za kuku," akasema.

Siku ya tatu tuliirudisha pampu. Kabla ya kusafisha, maji yalikuwa yanashuka kutoka mita 15.4 mpaka kwenye pampu, mita 22, kwa dakika saba. Safari hii yalishuka mpaka mita 17.3, yakasimama. Tukaiacha pampu ikimbie saa tatu. Yakawa yamesimama palepale. Tangi lilijaa, likafurika, na mafuriko yale yakaenda kwenye shina la mwembe wa jirani, ambaye alidai ni wake na hakuna aliyebisha.

Ngozi haikwisha. Kisima cha msikiti, chenye upana wa mikono miwili, hakishuki hata kucha. Chetu kinashuka karibu mita mbili kwa maji ya kawaida tu. Baadhi ya udongo ule umeingia mahali ambapo mchi hauwezi kufika, na utakaa huko baada yetu sote. Wataalamu wanasema ni rahisi kuulinda mwamba kuliko kuutibu, na mimi ningeongeza kwamba ni bei nafuu pia: boza la tatu la maji lingegharimu chini ya siku moja ya kompresa. Lakini boza huonekana kwenye hesabu ya kazi, na ngozi haionekani popote.

Nilimuuliza ustadh wa pale kama thawabu hupungua kisima kikitoa pungufu ya uwezo wake. Aliniangalia kwa muda, nadhani akipima kama namtania. Akasema nia ya mtu haipimwi kwa lita. Kaka aliposikia jibu hilo alicheka, mara ya kwanza tangu Rajabu, kisha akauliza ni lita ngapi kwa saa. Elfu mbili, nikamwambia. Akaniomba nirudie.

Kilichobaki ni chumvi. Kisima kikishafunguka, hatari inahamia kwa binadamu, maana maji yakitoka kwa urahisi kila mtu anataka bomba mpaka kwake. Ukivuta mno, maji ya bahari hunyanyuka chini ya kisima kama kichuguu, na yakishafika hayashuki upesi. Sheha ameweka saa: mbili asubuhi, mbili jioni. Kuna mama mmoja mwenye mgahawa ambaye kila jioni, dakika kumi baada ya pampu kuzimwa, hufika na madumu sita na hoja mpya. Nimeshawahi kumsikia akitaja haki za binadamu.

Nimewaachia kipima-chumvi kidogo, cha ukubwa wa kalamu, na mtoto wa yule seremala, msichana wa darasa la sita, ndiye anayepima kila Jumapili na kuandika kwenye daftari. Siku ya kwanza kilisoma 940. Baada ya miezi minne kimekuwa kikienda baina ya 960 na 1,080, na bado ni maji matamu. Nilipokwenda mara ya mwisho nilikuta ameandika 1,060, na pembeni yake, bila kuelekezwa na mtu, kwa penseli: mwezi mwandamo, bamvua, bahari imefika mpaka kwenye mikoko.